Barabara Inaishia Madukani

Same,
12 Februari 1992

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeamka vizuri, goti limetulia, na mvua zimeanza kuyagusa maharage. Mimi ni mzima. Huku tambarare bado ni vumbi na upepo; nguo ukianika asubuhi, mchana unaikung'uta upya kama hujaifua.

Mama, nimehamishwa ofisini. Sasa niko kwenye mradi mpya wa barabara za milimani, na kazi yangu ni kukusanya maoni ya wananchi kabla barabara haijachorwa. Unakumbuka zamani barabara ilichorwa mjini, ninyi mkaijua siku mlipoliona greda. Safari hii wafadhili wamesema hawatoi kitu mpaka wakae na watu wenyewe, wanawake wakiwemo, wazee, na wale wasioweza kutembea. Nimeuliza mara ya pili kama ni kweli, nikaambiwa ni kweli.

Wataanza na Vudee, mwishoni mwa Machi. Ramani ya sasa inaonyesha barabara ikipanda na kuishia Madukani, pale kwa Fanueli. Nimewaambia kwamba ng'ambo ya mto, chini, kuna kitongoji kinaitwa Mfinga na kina watu wengi. Wakasema, basi hao watu waje waseme.

Naomba uwakusanye kina mama. Na ninaomba jambo moja gumu. Usimame wewe mwenyewe, useme habari za dada Ernesta. Najua tangu tumzike hujawahi kuzisema mbele za watu. Lakini mgeni akisikia kwamba binti alifia kwenye machela pale mtelemkoni, na mtoto wake tumboni, wakati Landrova ya Sefu imesimama Madukani ikimsubiri, hataweza kusema Mfinga wangoje. Mimi ndiye nitakayetafsiri, neno kwa neno.

Hapa mjini mazungumzo ni ya kupunguzwa kazi tu. Sukari sasa imejaa madukani, sabuni za kila rangi zipo, ila wenye mshahara wa kuzinunua ndio wanaopungua. Niombee.

Mwanao,
Evaline


Mfinga, Vudee
3 Machi 1992

Mwanangu Evaline,

Salamu nyingi. Mimi sijambo, goti ndilo linalonikumbusha umri. Usicheke mwandiko wangu, tangu kisomo cha watu wazima kilipokufa sina anayenisahihisha.

Barua yako niliisoma, nikaiweka, nikaisoma tena. Lile neno gumu limenipa kazi. Yona mume wa Ernesta nilimwuliza kwanza, maana ni mke wake. Akasema, "Mama, kama litatoa njia, sema. Kama ni la kusikitisha watu tu, liache." Nikamwambia Evaline ndiye aliyeomba, na Evaline hawezi kutuitia jambo la kusikitisha watu tu. Akakubali.

Kina mama tumekaa. Tumebishana sana. Mama Tumainieli anataka gari lifike mpaka hapa kanisani. Wengine wanasema gari tutapanda siku ngapi kwa mwaka, afadhali daraja lenye vishikio na njia pana, mtu na mzigo wake wapishane na mwenzake bila kuingia shimoni. Yule mzee wa magongo, baba yake Novatus, alikuja naye akaketi. Akasema hajafika Madukani tangu mvua kubwa ile, akauliza kama siku hizi bado kuna mashine ya kusaga. Tukacheka, halafu tukaacha kucheka.

Nitasema. Nimelisema peke yangu shambani ili nione kama sauti itakatika.

Mama yako,
Lukia


Mfinga, Vudee
7 Aprili 1992

Mwanangu Evaline,

Nakusalimu huko uliko. Sisi hatujambo. Wenzangu wote wa Mfinga wanakusalimu, na safari hii si kwa desturi, unatajwa kila nyumba.

Siku ya mkutano kule Madukani nilikuwa nimepika makande nikayafunika. Nilidhani mkimaliza utashuka nyumbani hata kwa muda mfupi. Nikaona gari limegeuka. Nikajiambia ni kazi ya watu.

Lipo jambo dogo nataka kuuliza. Kiingereza sikijui, lakini jina la mtu nadhani halibadiliki. Niliposimama kusema nilimtaja Ernesta mara nyingi kuliko nilivyokusudia. Wewe ulipoanza kumwambia yule mama wa Kizungu, nilitega sikio nilisikie jina lake. Sikulisikia. Mimi nilisema kirefu, wewe ukasema kifupi. Labda ni lugha yenyewe. Labda ni upepo.

Tulipokuwa tunashuka, Mama Tumainieli aliniuliza, "Amesema yote?" Nikamjibu amesema yote.

Mama yako,
Lukia


Same,
24 Aprili 1992

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hamjambo. Mimi ni mzima ila kazi zimenizidi, ndiyo maana nimechelewa kujibu.

Kiingereza kina namna yake, Mama. Mtu akisema kirefu, mtafsiri anachukua kiini. Majina si lazima. Ujumbe ulifika, usiwe na wasiwasi. Wageni walifurahi sana.

Nimempa Sefu mzigo akuletee. Kuna kanga mpya, sukari na sabuni. Kanga ni ya rangi ile unayoipenda.

Mwanao,
Evaline


Mfinga, Vudee
16 Juni 1992

Evaline,

Hujambo. Mimi nipo.

Wapima wamekuja. Kabla hawajafika, watu wa Mfinga tulikuwa tumefanya msaragambo. Nyumba zote zilitoa mtu, tumefyeka njia ya chini kuanzia mtoni mpaka kanisani ili wapima wasisumbuke na vichaka. Mama Tumainieli alijikata mguuni, akaufunga na kuendelea. Baba yake Novatus aliketi pale juu akituonyesha wapi njia ya zamani ilipita.

Wapima walipiga vigingi kutoka barabara kuu mpaka Madukani. Cha mwisho wamekipiga nyuma ya stoo ya Fanueli. Tulituma mtu kwenda kuwaambia kwamba chini tumekwisha kufyeka. Wakamwambia, "Ramani yetu inaishia hapa. Na hapa imeandikwa wananchi wamekubali."

Jioni kina mama walikuja kwangu. Hawakuja kwa ugomvi. Waliketi, nikawapa chai, wakaniuliza tena, "Mama Evaline, mwanao aliwaambia nini wale watu?" Nikasema alisema yote, ni wakubwa waliokataa. Nimesema uongo mbele ya watu waliombeba binti yangu. Nilikuwa nimeshika birika, nikaangalia chini kama ninayemimina, na vikombe vilikuwa vimejaa.

Sasa kwenda kuchota maji naenda mapema kuwakwepa.

Nijibu sawasawa. Kama ulisema, niandikie nikawasomee. Kama hukusema, niandikie pia, nitasoma peke yangu.

Kanga nimemrudishia Sefu akuletee. Sijaifungua.

Mama yako


Same,
30 Agosti 1992

Mama,

Shikamoo. Sina uso wa kuuliza habari ya afya yako, lakini nauliza.

Barua hii nimeianza na kuichana tangu Juni. Kanga iko hapa juu ya sanduku, kila nikiingia naiona.

Sikusema, Mama.

Nitakueleza ilivyokuwa. Tulipokuwa tunapanda kwa gari, mhandisi wetu alikaa mbele na yule mgeni, tuliyekuwa tukimwita Madamu. Tulipofika kwenye kona za juu Madamu alishuka kupiga picha. Mhandisi akageuka akaniambia kwa Kiswahili, "Evaline, mpango umekwisha. Fedha zinafika Madukani, hazivuki mto. Leo tunahitaji watu waonekane wamekubali, basi. Tukianza kufungua mambo ya kila kitongoji, huyu mama atarudi kwao aandike kwamba hatuko tayari, na mradi unahamia wilaya nyingine. Na unajua ofisini tunapunguza watu." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayenionyesha shimo ili nisianguke.

Nilijiambia nitasema tu. Mpaka unasimama nilikuwa nimekusudia kusema.

Ulisema vizuri, Mama. Hukupamba. Ulisema jinsi mlivyomfunga kwenye kitanda cha kamba na miti miwili, jinsi Yona alivyotangulia mbele kwa sababu ya utelezi, na Ernesta akakuuliza, "Mama, tumefika gari?" na ukamjibu tunafika. Ukasema hiyo ndiyo ilikuwa sauti yake ya mwisho, na gari lilikuwa linaonekana ng'ambo. Kisha Madamu akanigeukia. Nikamtazama mhandisi. Alikuwa anafuta miwani yake.

Nikasema kwa Kiingereza, "Mama huyu anaeleza kwamba usafiri wa wagonjwa ni tatizo. Wanaushukuru mradi na wako tayari kuchangia nguvu zao."

Ndivyo nilivyosema. Hakuna kingine.

Na kuna zaidi. Madamu aliona machozi yako. Akaniuliza, "Huyu mama unamfahamu?" Ningesema ndiye mama yangu, angeuliza mengine, na nisingeweza kuficha tena. Nikamjibu, "Ni mmoja wa wanawake wa hapa." Ulikuwa umesimama karibu nami hivi kwamba ningenyoosha mkono ningekushika. Ulikuwa unatabasamu, unadhani namweleza habari zako.

Ndiyo sababu sikuteremka kula. Kwenye gari mhandisi aliniambia, "Umefanya kazi nzuri." Nikamwambia asante.

Waliopunguzwa mwezi wa saba, mimi simo. Wenzangu niliokaa nao meza moja wamefunga virago, wengine wana watoto wadogo. Wananiaga wakisema nina bahati, nami nawasindikiza mpaka stendi.

Sikuombi unisamehe katika barua hii. Umeniuliza, nimekujibu.

Evaline


Mfinga, Vudee
21 Septemba 1992

Evaline,

Barua nimeipata kwa mkono wa Sefu. Niliisomea jikoni, mlango nimeufunga.

Nilikuandikia kwamba ukiwa hukusema nitasoma peke yangu. Nilisoma peke yangu kwa wiki nzima. Halafu Jumapili baada ya ibada niliwaomba kina mama wabaki. Yona naye nilimwomba. Nikawaambia, "Niliwaambia mwanangu alisema yote. Nilikuwa najua hakusema. Sasa sikilizeni wenyewe." Nikawasomea.

Nilipofika pale Madamu alipokuuliza kama unanifahamu, niliruka. Sikupanga kuruka. Macho yalishuka yenyewe kwenye mstari wa chini na mdomo ukaendelea, na hakuna aliyejua. Nimejua sasa jinsi jambo hilo lilivyo jepesi.

Nilipomaliza, Yona aliinuka akatoka nje. Mama Tumainieli ndiye aliyeongea. Hakukutukana. Alisema, "Mtoto aliogopa kazi yake, hilo nalielewa. Wewe, Lukia, ulimwogopa nani? Tumefyeka njia kwa neno lako." Wakaondoka mmoja mmoja, na kwa kawaida huwa tunaondoka pamoja.

Wamekubaliana jambo moja. Wanataka yule mama wa Kizungu aje tena, ashuke mpaka huku, na ayasikie kwa mtu mwingine. Mwenyekiti Aminieli amekataa kuita mkutano, anasema ya mkutano yamekwisha. Kwa hiyo hakuna wa kumfikia ila wewe.

Mama yako


Same,
18 Desemba 1992

Mama,

Shikamoo. Naomba uwe mzima. Nimekaa kimya kwa sababu sikutaka kukuandikia la kuahidi tena.

Barua yako ilinifikia siku ya Jumatano, na Ijumaa Madamu alikuja ofisini kwa kikao. Nilisubiri mhandisi awepo, maana nilijua nikisema pembeni nitaona nimejificha tena. Nikasema kwa Kiingereza yote uliyoyasema. Nilimtaja Ernesta. Nilisema alikuwa dada yangu, na yule mama aliyesema ni mama yangu, nami nilimkana.

Madamu aliweka kalamu chini. Akauliza, "Kwa nini hukuniambia siku ile?" Nikamjibu, "Niliogopa kupunguzwa." Akamtazama mhandisi. Mhandisi akasema haya ni mambo ya kifamilia na mimi nina uchungu wa msiba. Nilikaribia kukubali, Mama. Hata hapo, ilinijia kwamba nikinyamaza tu yatapita. Nikasema, "Msiba ni wa zamani. Njia ndiyo ya sasa. Nenda ukaitazame."

Nimesikia walikuja huko Novemba, wakashuka mpaka Mfinga. Mimi sikuruhusiwa kupanda nao. Mtafsiri alitolewa Mwanga. Tangu hapo hakuna anayeniambia kitu ofisini; nikiingia wanazungumzia bei ya sukari. Sijui mlisema nini, sijui walijibu nini.

Wiki iliyopita nimepewa barua ya kuachishwa, mwisho ni mwezi huu. Wanasema ni mpango wa kupunguza tu, hauna uhusiano na jambo lolote. Labda ni kweli. Wapo walioondoka kabla yangu bila kosa hata moja, kwa hiyo siwezi kujipa sifa.

Nyumba ni ya ofisi, lazima nitoke. Binti mmoja wa kazini ameniambia kuna mwenye duka la mitumba Mwanga anatafuta mtu. Ningependa kwanza kuja nyumbani. Lakini nawaza kupita pale Madukani na masanduku, mbele ya watu walionichangia nauli ya kwenda shule, nashindwa. Niambie kama nije au nisije. Lolote utakalosema nitalikubali.

Mwanao, kama bado unaniita hivyo,
Evaline


Mfinga, Vudee
10 Januari 1993

Mwanangu Evaline,

Bado nakuita hivyo. Krismasi tulikula kimya, mimi na Yona. Mvua imekuwa nzuri, maharage yamefunga.

Umeuliza walisema nini. Walikuja alasiri, saa ambayo watu wametoka shamba, kwa sababu kina mama ndio waliochagua saa. Yule Madamu alishuka kwa miguu. Pale mtelemkoni aliteleza akakaa chini, akafuta matope, akaendelea. Mtafsiri alikuwa mwalimu mzee wa Ugweno, huko Mwanga, anasema polepole, na kila akimaliza anatuuliza, "Nimeacha kitu?" Sikusimama kusema. Yona ndiye aliyesema, mimi nilikuwa nyuma ya watu. Alipomtaja mke wake, mwalimu naye akamtaja, na safari hii nililisikia jina lake.

Kisha Mama Tumainieli akaleta machela, akamwambia Madamu alale. Yule mhandisi akasema haifai. Madamu akalala. Wanaume wakamwinua wakashuka naye mpaka mtoni, si mbali, akawa ameshika miti kwa mikono yote miwili na macho ameyafumba. Akaomba ashushwe. Hakuna aliyecheka.

Barabara haikubadilika. Inaishia Madukani kama ilivyochorwa. Lakini wametoa fedha za daraja lenye vishikio pande zote, na njia ya chini itapanuliwa mpaka kanisani, mkokoteni upite, na wakati wa kiangazi hata Landrova ikibidi. Mahali pa kupita tumepanga wenyewe kwa kamba. Baba yake Novatus alikataa kona mbili, akasema magongo hayatageuka pale, na zimenyooshwa.

Kamati ya njia imechaguliwa, wanawake wamo wengi. Jina langu lilitajwa na mtu mmoja. Hakuna aliyenyoosha mkono. Nami sikunyoosha. Aliyenitaja alitazama chini, nikamwonea huruma yeye kuliko mimi.

Wananisalimia, usidhani wamenitenga. Mgonjwa akiwepo wananiita. Ila mazungumzo yakinoga, nikifika yanapungua. Ninajua mwenyewe kwa nini, sidai kitu.

Sasa habari ya kuja kwako. Njoo. Masanduku mpe Sefu, atayaleta. Wewe shukia barabarani uje kwa miguu kwa njia ya chini, mchana, siku ya Jumamosi, maana ndiyo siku ya msaragambo na watu wote watakuwa njiani. Pita katikati yao. Waamkie wazee kila mmoja, usimruke mtu. Wapo watakaoitikia na wapo watakaoendelea na kazi. Kwa Yona simama, hata kama hatasimama yeye. Usieleze chochote usipoulizwa.

Ukimaliza kusalimia, mimi utanikuta kule mwisho, upande wa mtoni, nikikusanya mawe. Wengine hufanya kazi wawili wawili, mmoja anachimbua, mwenzake anabeba. Mimi tangu Septemba nafanya peke yangu. Ukija tutakuwa wawili.

Mama yako,
Lukia